Mipango miji na baraza la madiwani Sumbawanga

Mipango miji katika Manispaa ya Sumbawanga ni kazi ya kuamua ardhi ya mji huo itumikeje: nyumba zijengwe wapi, barabara zipite wapi, na shule, soko, zahanati, makaburi na viwanja vya michezo vitengewe eneo gani. Kazi hiyo iko mikononi mwa halmashauri ya manispaa, yaani baraza la madiwani pamoja na wataalamu walioajiriwa, chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007.

Makala hii inaeleza jinsi maamuzi hayo yanavyofikiwa na mambo ambayo huzusha ubishi zaidi, hasa kwa kata za mjini kama Chanji. Kwa kawaida ubishi hauhusu kama mji upangwe au usipangwe. Karibu kila mtu hukubali upangwe. Ubishi huhusu ni nani atoe kipande cha ardhi yake ili wote wapate barabara, na alipwe nini, na lini.

Mji na mazingira yake

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Mji uko kwenye nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kwenye kimo cha takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki kuna milima ya Mbizi. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali.

Manispaa ina kata 19. Miongoni mwake ni Chanji, Mazwi, Izia, Katandala, Majengo, Malangali, Kizwite, Msua, Momoka na Mafulala. Nyingine, kama Mollo, Ntendo, Senga na Pito, bado zina sura ya kijiji na wakazi wake wengi ni wakulima.

Kwa desturi, vijiji vya Wafipa vilikuwa na nyumba zilizokaribiana, na mashamba yalikuwa nje ya makazi. Mji unapopanuka huyafikia mashamba hayo ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Hivyo ardhi inayoitwa "kiwanja" na mnunuzi ilikuwa "shamba" kwa muuzaji hadi msimu uliopita. Hata kaya za mjini nyingi bado hulima, na wengine hufuga ng'ombe wa maksai na kumiliki mkokoteni. Nyumba ya Sumbawanga mara nyingi huhitaji ua wa kuanikia nafaka, ghala, na njia ambayo mkokoteni unaweza kupita.

Ongezeko la watu limekuwa kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 209,793 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 303,986. Ni ongezeko la watu 94,193, karibu asilimia 45 kwa miaka 10. Tukichukua kaya moja kuwa na watu 4 au 5, hao ni kati ya kaya 19,000 na 23,500 hivi zilizohitaji mahali pa kulala katika muda huo. Halmashauri isipopima viwanja kwa kasi hiyo, watu hawasubiri: hununua kipande cha shamba, huchoma matofali na kujenga.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Waingereza, miji ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi na kipato: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanuni za ujenzi zilikuwa kali kwa sehemu mbili za kwanza na legevu kwa ya tatu. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, ambayo iliendelea kutumika baada ya uhuru hadi ilipofutwa na sheria ya mwaka 2007.

Mwaka 1972 mambo mawili yalitokea. Kwanza, Serikali iliamua kuyaboresha makazi yasiyopangwa badala ya kuyabomoa. Kutokana na uamuzi huo, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa viwanja na huduma ulianza Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na baadaye katika miji mingine. Pili, serikali za mitaa zilivunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani. Kwa hiyo, wakati miji ilipokuwa ikikua haraka, haikuwa na madiwani. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, ndani ya kipindi hicho, na Sumbawanga ikawa makao makuu yake.

Mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978, kisha zikapewa msingi wa kudumu na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Katika miaka ya 2010 barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Marekani. Sumbawanga ilikuwa pia miongoni mwa miji 18 ya programu ya kuimarisha halmashauri za miji iliyogharamiwa na Benki ya Dunia, na baadaye iliingizwa katika mradi wa TACTIC wa miundombinu ya miji 45. Barabara nzuri hupandisha bei ya ardhi iliyo kando yake, na bei inapopanda kila hatua ya mpaka huwa na thamani ya kugombewa.

Ngazi za maamuzi

Mpango wa makazi hupita katika ngazi kadhaa, na kila ngazi ina mamlaka yake.

Mtaa. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, wajumbe wa kamati na afisa mtendaji aliyeajiriwa. Mkutano wa mtaa ndio mahali ambapo wakazi husikia kwanza kwamba barabara itapanuliwa au eneo litapimwa. Uongozi wa mtaa hushuhudia mauziano, lakini hauna mamlaka ya kugawa viwanja.

Kata. Kamati ya maendeleo ya kata huongozwa na diwani, na katibu wake ni afisa mtendaji wa kata. Hukusanya maoni ya mitaa na kuyapeleka halmashauri.

Kamati ya mipango miji na mazingira. Ni mojawapo ya kamati za kudumu za halmashauri ya mji. Hujadili michoro, mabadiliko ya matumizi ya viwanja na masuala ya ujenzi kabla hayajafika kwenye baraza.

Baraza la madiwani. Lina madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na wabunge wanaohusika, na huongozwa na meya. Mkurugenzi wa manispaa ni katibu wake. Mikutano ya kawaida hufanyika kila robo mwaka na iko wazi kwa wananchi kusikiliza.

Wizara yenye dhamana ya ardhi. Mchoro uliopitishwa na halmashauri huhitaji idhini ya kitaalamu, ramani ya upimaji huidhinishwa na mamlaka ya upimaji, na hati hutolewa na Kamishna wa Ardhi au msaidizi wake. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, na hivyo safari ya kufuatilia hati imekuwa fupi kuliko zamani.

Mgogoro wa umiliki, tofauti na suala la mpango, hauamuliwi na madiwani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata husuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu.

Si kila mji umepangwa na madiwani wakati wote. Dodoma ilipangwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuanzia mwaka 1973. Mamlaka hiyo, ambayo haikuwa chombo cha kuchaguliwa, ilivunjwa mwezi Mei 2017 na kazi zake zikahamishiwa halmashauri. Malalamiko ya wakazi kuhusu viwanja yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa.

Mpango kabambe na mpango wa kina

Sheria inatambua mipango ya aina mbili kuu. Mpango kabambe huonyesha mwelekeo wa mji mzima kwa miaka mingi: maeneo ya makazi, biashara, viwanda, kilimo cha mjini na hifadhi. Mpango wa kina huchora eneo dogo, kiwanja kwa kiwanja, kwa namba za kitalu na kiwanja. Viwanja vya makazi hugawanywa kwa ujazo: ujazo mkubwa una viwanja vidogo vilivyo karibu karibu, kisha ujazo wa kati, na ujazo mdogo wenye viwanja vikubwa.

Kabla ya kuandaa mpango, halmashauri hutakiwa kupitisha azimio, kuitisha mkutano wa wenye ardhi na wadau wengine, na kuweka rasimu mahali ambapo wananchi wanaweza kuiona na kutoa pingamizi. Hatua hii ndiyo nafasi bora ya mwananchi. Mchoro ukishaidhinishwa na mawe ya mipaka kusimikwa, kuubadilisha ni kazi ngumu na ya gharama.

Mambo yanayobishaniwa

Barabara itoke kwa nani

Mfano rahisi wa hesabu unaonyesha kiini cha ubishi. Ekari 1 ni takribani mita za mraba 4,047. Mwenye shamba akiikata mwenyewe katika vipande vya mita za mraba 500, atapata vipande 8. Eneo hilo likipangwa na robo yake kutengwa kwa barabara na huduma, zitabaki takribani mita za mraba 3,035, yaani viwanja 6. Tofauti ni viwanja 2.

Kwa mwenye shamba hiyo ni hasara ya wazi, inayoonekana leo. Faida, yaani gari la wagonjwa kufika mlangoni, mfereji wa maji ya mvua, bomba na nguzo za umeme kupita bila kuvunja ukuta wa mtu, huja baadaye na hugawanywa kwa wote. Ndiyo maana muuzaji huacha kichochoro cha hatua chache, na mnunuzi wa kipande cha ndani hugundua baadaye kwamba lori la mchanga haliwezi kufika kwake.

Njia mojawapo iliyotumiwa na halmashauri kadhaa nchini ni kugawana: mwenye shamba hukubali eneo lake lipimwe, sehemu iende kwa barabara na huduma, halmashauri ichukue idadi fulani ya viwanja kufidia gharama, na yeye abaki na viwanja vilivyopimwa ambavyo bei yake ni kubwa kuliko ya shamba. Ubishi hapo huhusu mgawo: wangapi kwa mwenye ardhi, wangapi kwa halmashauri.

Urasimishaji wa makazi

Pale nyumba zilipokwisha kujengwa, njia inayotumika ni urasimishaji: kuchora mpango unaofuata nyumba zilizopo, kukubaliana mipaka na majirani, kufungua njia, kupima na kutoa hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na ile ya Mipango Miji zote zinaweka utaratibu huo. Serikali iliendesha programu ya kitaifa ya urasimishaji katika muongo wa 2010, na wakazi wenyewe walichangia gharama, mara nyingi kupitia kampuni binafsi za upangaji na upimaji.

Urasimishaji una sifa na kasoro. Huwapa wakazi usalama bila kuwahamisha. Lakini hutegemea hiari: mkazi mmoja akikataa kusogeza ukuta wake, njia ya majirani kumi huishia hapo. Pia hauwezi kurudisha kiwanja cha shule kilichokwisha kujengwa nyumba. Wapo madiwani wanaouona kama huruma inayohitajika, na wapo wanaouona kama kumtuza aliyejenga bila kibali huku aliyesubiri akibaki bila kitu. Hoja zote mbili zina uzito.

Fidia

Ardhi ikichukuliwa kwa matumizi ya umma, sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Hesabu yake huhusisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya malazi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo mkulima asiye na hati hawezi kuondolewa bure kwa sababu tu hana karatasi.

Sheria ya mwaka 2016 kuhusu uthamini iliweka kwamba uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka 2 hupoteza nguvu na kazi hurudiwa. Lengo lilikuwa kuzuia watu kukaa miaka mingi bila kulipwa na bila kuruhusiwa kuendeleza. Kwa baraza la madiwani somo ni moja: kupitisha mradi bila fedha ya fidia kwenye bajeti ni kuahirisha mgogoro. Shamba tupu hulipiwa kidogo. Likishajengwa nyumba, barabara ile ile hugharimu mara nyingi zaidi.

Hifadhi ya barabara na mito

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria hiyo anastahili fidia ardhi inapohitajika. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huhesabiwa kuwa mvamizi. Alama ya X nyekundu ukutani haielezi tofauti hiyo, na mara nyingi ni diwani anayeulizwa na wapiga kura wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Katika mji ambao maji ya mvua hushuka kutoka milimani, kanuni hiyo hulinda nyumba kama inavyolinda mto. Hata hivyo, kwenye kijito kidogo kinachopita katikati ya makazi ya zamani, kuipima kanuni hiyo kwa futikamba kungegusa kaya nyingi, na hapo baraza hulazimika kuchagua kati ya kuhamisha watu, kujenga kingo, au kuzuia ujenzi mpya tu.

Vibali vya ujenzi

Kila anayejenga mjini anatakiwa kupata kibali kutoka halmashauri baada ya kuwasilisha uthibitisho wa umiliki na michoro ya nyumba. Asiye na kiwanja kilichopimwa hukwama katika hatua ya kwanza. Kuna pia suala la majira. Sumbawanga watu hufyatua na kuchoma matofali na kujenga wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Kibali kikichelewa kwa miezi mitatu, msimu wa ujenzi hupita na matofali hulowa mvua. Serikali imeagiza mara kadhaa halmashauri zifupishe muda wa vibali, maana kibali kinachochelewa humfundisha mwananchi kujenga bila kibali.

Fedha

Kupanga na kupima kunahitaji fedha ambayo halmashauri nyingi hazina. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikusanywa na halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/2022 Serikali imekuwa ikizikopesha halmashauri fedha zisizo na riba kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. Mkopo hurejeshwa kutokana na mauzo ya viwanja. Hapo huibuka swali gumu: halmashauri ikiuza viwanja kwa bei ya juu hurejesha mkopo mapema, lakini mwalimu, mama lishe na mwendesha bodaboda hurudi kununua shamba lisilopimwa, na makazi holela huanza upya pembeni zaidi.

Nafasi ya diwani na mwananchi

Diwani huwa na vazi mbili. Ni mwakilishi wa kata yake, na pia ni mjumbe wa mamlaka ya upangaji ya mji mzima. Dampo, machinjio, stendi na makaburi lazima viwe katika kata fulani, ingawa kila kata ingependa viwe kwingine. Kanuni za maadili humtaka diwani mwenye masilahi binafsi katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano shamba lililo kwenye njia ya barabara, ayatangaze na asishiriki katika uamuzi.

Mkazi wa Chanji au wa kata nyingine yoyote anaweza kufanya yafuatayo kabla ya kununua au kujenga:

- kuuliza ofisi ya mipango miji ya manispaa kama eneo lina mchoro ulioidhinishwa, na limetengwa kwa matumizi gani;
- kuhakikisha kipande anachonunua kina njia inayofika kwenye barabara, na njia hiyo kuandikwa katika hati ya mauziano;
- kuhudhuria mkutano wa mtaa unaojadili upimaji na kutaka maoni yake yaandikwe katika muhtasari;
- kuwasilisha pingamizi kwa maandishi wakati rasimu ya mpango iko wazi kwa umma;
- kutunza nakala za fomu za uthamini, zenye sahihi na tarehe, endapo ardhi yake inatwaliwa.

Hatua ya kwanza katika orodha hii ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote. Mnunuzi hulipia kipande baada ya kuonyeshwa mipaka na muuzaji, naye huenda manispaa siku anapohitaji kibali au siku X inapochorwa. Wakati huo mpango huwa umekwisha kuamua, na anachobaki nacho ni kudai fidia kama anastahili.